Unga wa Mama Hauna Mfupa

Sahani ya kwanza ilirudi na mkate wetu wa kumimina ndani yake, na jamu pembeni imeanza kutoa maji. Mtoto aliyetumwa kuirudisha aliisukuma mikononi mwangu akakimbia, hata salamu hakutoa. Nilidhani amekosea nyumba. Kwetu Kibiti, mwezi wa Ramadhani, futari ya jirani hairudi. Unapeleka sahani kabla ya adhana ya magharibi, kesho yake inarudi na cha kwao: kalimati, tambi, hata mihogo miwili kama hawana kingine. Lakini sahani irudi na chakula chako mwenyewe, kizima, hakijaguswa, hilo sikuwa nimewahi kuliona. Jioni ile zilirudi zote.

Mama alizipanga mkekani akazitazama.

"Kula basi," akaniambia. "Au unataka tuwape kuku?"

Nikala. Nilikula kwa hasira mpaka tumbo likauma, na kila tonge nilikuwa namtafuna shangazi yangu.

Niseme kwanza jamu ni nini kwetu. Mama anapika jamu ya maembe, ya nanasi, na msimu wa korosho anapika ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ambayo mtaani hakuna mwingine anayeiweza kwa sababu bibo linakaba koo usipojua kulituliza. Zamani aliigandisha kwa machungwa. Alinunua yale yaliyopondeka, akayakamua, akachukua ule weupe ulio kati ya ganda na nyama, akaufunga kwenye kitambaa safi na kuuchemsha pamoja na matunda. Huo weupe ndio uliofanya jamu ishikane. Tatizo ni kwamba leo ilishika, kesho ikawa kama uji wa mgonjwa. Alipokwenda kwenye semina ya akina mama wajasiriamali akaambiwa kuna unga unaitwa pektini, na unga wenyewe ni uleule weupe wa machungwa, umechujwa, umekaushwa na kusagwa. Akaagiza Dar. Ukaja kwa basi, umefungwa kwenye karatasi la kaki.

Siku tulipokwenda kuuchukua stendi tulimkuta shangazi naye anasubiri mzigo wake wa mapambo ya keki. Shangazi ni dada wa baba. Baba yuko Mbuchi, anavua kamba na kulima mpunga wake, anakuja kwa boti akipata nafasi, kwa hiyo hapa mjini mkubwa wa upande wa baba ni huyo shangazi, na analijua hilo.

"Wifi, umeanza kuuza unga siku hizi?" alimtania mama kwa sauti, makondakta wakageuka.

"Nauza, nikupimie?" mama akacheka. Kisha akamweleza kila kitu. Akafungua kifuko akamwonyesha. Akamwambia unatoka kwenye maganda, akamwambia kinatiwa kijiko kwa sufuria. Mimi nilikuwepo. Ndiyo maana siwezi kusema shangazi hakujua. Aliuliza akajibiwa, akanusa kwa pua yake.

Kisha ikaja harusi. Shangazi alipika keki ya ngazi tatu na katikati ya kila ngazi akapaka jamu ya mama ya nanasi. Nilikuwa nagawa sahani siku hiyo. Wanawake walikula, wakauliza, "Hii katikati ni nini jamani? Nani kapika hii ya katikati?" Hakuna aliyeuliza nani kapika keki. Niliuona uso wa shangazi. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni.

Mwezi ulipokaribia kuandama, ikaingia voisi kwenye kundi la akina mama wa mtaa. Mama alinipa simu nimfungulie kwa sababu alikuwa na unga mikononi.

"Asalaam aleykum mashoga zangu," ilisema sauti ya shangazi, tamu kabisa. "Mimi simsemi mtu. Ila mwezi mtukufu unaingia, tuangalie tunachokula. Kuna jamu humu mtaani inagandishwa kwa unga mweupe. Jiulizeni wenyewe, tunda likaganda vile kwa lipi? Unga wa kugandisha unatoka kwenye mifupa na ngozi, na ni ya mnyama gani, Mungu ndiye ajuaye. Na nasikia unaotesha uvimbe tumboni. Mimi kwenye keki zangu nimeshaacha kuitia. Simsemi mtu."

Mama aliendelea kukanda. "Irudishe mwanzo," akasema. Nikairudisha. Akaisikiliza tena mpaka mwisho, kisha akaufunika unga.

Baada ya hapo ndipo zikarudi sahani. Muuza chai aliyekuwa akichukua makopo ya jamu kila wiki akatuma salamu kwamba wateja wake siku hizi hawapendi tamu. Shuleni wasichana wa kidato changu wakapata wimbo: "Oya, jamu ya kitimoto hiyo inapita!" Yaani ya nguruwe. Mimi ni mtu wa aibu, tangu mdogo. Mwalimu akiniuliza swali nalijibu dawati. Kwa hiyo nilipita nimeinamisha kichwa, na ndani nilikuwa napanga. Niliwaza kumtilia chumvi kwenye pipa lake la sukari. Niliwaza kuwapigia mabibi harusi wote. Zaidi ya yote nilitaka siku moja mtoto wa watu amrudishie shangazi sahani yake, halafu akimbie.

Mama aliomba aitwe afisa afya wa kata, ni mwanamke, sisi tunamwita bibi afya. Akaja, akasoma kifuko, akatazama tarehe, akatazama sufuria na makopo, akasema hana neno. Mtaani wakasema bibi afya si sheikh. Baba akapigiwa simu. Akasema, "Hayo ya mawifi, yamalizeni wenyewe," na mtandao ukakata. Nikamchukia kidogo na yeye.

Jumamosi ikafika na mama akaniambia niende kwa shangazi kuosha masufuria kama kawaida.

"Mama!"

"Mama nini? Ni damu ya baba yako. Nenda. Wasije wakasema pia sina adabu."

Nikaenda. Niliosha masufuria ya mtu yule nikiwa nimefunga, na maji ya moto yalinichubua vidole. Nilipokuwa napanga vitu kwenye kabati la juu nikashika kopo dogo. Nikalitikisa. Unga.

"Shangazi, hii ya nini?"

"Ya kugandishia zile pudini za harusi. Rudisha hapo, utamwaga, ghali hiyo."

Alijibu bila kugeuka. Sidhani kama alijisikia anachosema. Nilisoma: jelatini. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu pektini mpaka macho yakauma, kwa hiyo nilijua jelatini ni nini. Hiyo ndiyo ya mifupa na ngozi. Yaani kile alichomsema nacho mama kilikuwa kabatini mwake, na alijua kinatoka wapi, kwa sababu maneno ya ile voisi hakuyaota. Aliyachukua kwenye kopo lake akayabandika kwetu.

Nilichota kijiko nikafunga kwenye kipande cha nailoni. Siombi radhi.

Jumatatu nilisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, mahali ambapo sikuwahi kusimama kwa hiari yangu. Mwalimu wa baiolojia aliniangalia kama mtu aliyemwona paka anabisha hodi. Nikamwambia, nikiongea na viatu vyake, kwamba nataka kupima unga wa aina mbili kama una protini.

"Mtihani wa nani huu?"

"Wa nyumbani."

Alicheka, lakini akanifungulia maabara. Tukayeyusha kila unga kwenye kibomba chake cha kioo, tukatia dawa ya kwanza, kisha matone ya dawa nyingine ya buluu. Kibomba cha mama kilibaki buluu. Kibomba cha shangazi kiligeuka zambarau, zambarau nzuri kama kanga mpya. Nilikitazama nikahisi joto mpaka masikioni.

"Sasa sikiliza," mwalimu akasema. "Hiki kinakuambia hapa kuna protini, na hapa hakuna. Hakikuambii ni ng'ombe, wala nguruwe, wala samaki. Usije ukakitumia vibaya."

"Sawa, mwalimu."

Na wakati nasema sawa nilikuwa nimeshaamua kukitumia vibaya.

Mwanamke anayefundisha watoto madrasa ya mtaani kwetu ndiye aliyechoka kwanza. Kila Ramadhani wanawake hupika pamoja uani mwa madrasa futari ya watoto, kila mmoja na chake, na mwaka huo kila chombo kilichotoka kwetu kilisogezwa pembeni bila mtu kukiri kwamba amekisogeza. Siku moja, baada ya alasiri, akagonga mwiko kwenye sufuria.

"Leo lijadiliwe hapa hapa, liishe," akasema. "Nimemwita bibi afya. Mama wa jamu yupo, na unga wake nimemwambia aje nao. Na aliyeleta maneno yupo. Haya."

Wanawake walikuwa wengi, wengine wanakuna nazi, wengine wanachagua mchele. Shangazi alikaa kwenye kigoda, mtandio mpya, akikoroga uji wa pilipili manga kama mtu asiyehusika.

Bibi afya alisema vizuri, na nilijaribu kuyashika yote. Alisema kitu cha kuongeza kwenye chakula hakiruhusiwi kwa sababu tu kimekuwepo. Wataalamu wanakaa wakatazama kimetengenezwaje, kina uchafu gani, kikifika tumboni kinakwenda wapi, wanyama wakilishwa kwa wingi wanadhurika au la, watu nao vipi. Pektini imepita huko, na zaidi ya mara moja. Walichoona ni kwamba mtu wa kawaida hahitaji hata kuwekewa mpaka wa kula kwa siku, kwa sababu ni kitu kilekile anachokula kwenye chungwa na embe. Ukizidisha sana tumbo linajaa hewa. "Cha kuuliza," akasema, "ni unga ukoje: ni safi, umechanganywa na nini, umepita muda? Nimeutazama. Uko sawa. Uvimbe hauupati humo."

"Hayo ya kitabuni tumeyasikia," mwanamke mmoja akasema, akikuna nazi yake kwa nguvu. "Sisi tunauliza mnyama yumo au hayumo?"

"Nimeshasema ni maganda ya matunda."

"Umeyaona yakisagwa?"

"Mimi? Kiwandani? Hapana."

"Ehee!" wakaitikia watatu wanne, na shangazi akashusha pumzi.

"Mimi sikumtaja mtu," akasema taratibu. "Nilisema tujihadhari tu. Kujihadhari kumekuwa dhambi?"

Mama alikuwa amesimama kando ya jiko na kifuko chake cha kaki. Mtu wa kutoka milimani kwa Wamatumbi, miaka yote hapa, na bado wakimtazama hivyo alikuwa mgeni.

Miguu yangu ndiyo iliyokwenda. Nilichukua kifuniko cha bati, nikatoa kaa moja la moto kwa koleo nikaliweka juu yake, nikalitua chini katikati yao. Nikachukua kifuko mkononi mwa mama, nikamwaga kidogo juu ya kaa. Ulichemka, ukawa kahawia, ukaungua. Ikatoka harufu ya sukari iliyoungua na ganda la chungwa lililoangukia motoni.

"Mtoto unafanya nini? Utatufuturisha kwa moshi!" mmoja akajifunika pua kwa kanga. Kisha akaishusha. "Mbona kama halua?"

Nikasukuma majivu pembeni kwa kijiti. Nikatoa kiunoni kile kipande cha nailoni chenye unga uliobaki wa maabara, nikamwaga wa pili.

Kila mtu pale amewahi kubabua kichwa cha mbuzi au kwato za ng'ombe kwa ajili ya supu. Hakuna asiyeijua ile harufu ya nywele na pembe zikiungua. Ilipanda uani kote, nzito.

"Astaghafirullah! Nani anababua kichwa na saumu hii?"

"Ni huo unga! Huo wa pili!"

"Mwanangu we, huo wa nani?"

Macho yote yakanigeukia, ile hali ninayoikimbia siku zote. Nikasema, "Wa shangazi. Wa pudini za harusi."

Shangazi aliruka kutoka kwenye kigoda. "Mwizi! Umeingia kabatini mwangu! Umechota kwenye kopo langu!"

Nadhani hata yeye alijisikia, safari hii.

Kisha wakalipuka. "Kwa hiyo ni wako kweli!" "Harusi ya mwanangu mimi! Mkwe wangu alikula sahani mbili!" "Na wewe ndiye uliyetutumia voisi!" Mmoja akamwambia shika kitimoto chako utoke. Shangazi alikuwa anasema ni ya ng'ombe, ni ya ng'ombe wallahi, lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza, na mimi nilijua kwamba huenda anasema kweli. Mwalimu wa baiolojia alinionya. Nilijua harufu haitaji jina la mnyama. Nilikaa kimya, na kukaa kimya ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nilimtazama akitafuta uso mmoja wa kumwamini na kuukosa, nikasema moyoni, onja. Onja vizuri.

"Ngojeni," mama akasema.

Sikuamini. Nilimvuta kanga. Akaitoa mkononi mwangu.

"Kwato za ng'ombe zinanuka hivyo. Nywele zangu mimi zikiungua zinanuka hivyohivyo," akasema. "Harufu imesema mfupa. Haijasema wa nani. Ninyi mnasema nguruwe kwa lipi? Kwa lilelile mlilosema kwangu. Likafuatwe kopo, bibi afya alisome."

Mtoto akatumwa, akarudi akihema. Bibi afya akaligeuza kopo huku na huku, akasoma: jelatini ya ng'ombe, na muhuri wa halali upo. Akampa mwalimu wa madrasa naye akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Wanawake wakaanza kupoa, mmoja mmoja, wakirudi kwenye nazi zao. Shangazi akakaa. Mtandio ulikuwa umeshuka mabegani.

Nilitaka kulia. Nilikuwa nimemleta mpaka pale, nimemweka katikati ya uwanja, na mama amekwenda kumtoa. Nilimnong'oneza, "Kwa nini umemwokoa?"

"Subiri adhana," akanijibu, bila kunitazama.

Akamgeukia shangazi. "Wifi, wewe umesafika. Wameona wote. Na mimi?"

"Wifi, mimi kwa kweli... lile jambo... nilisikia tu watu..."

"Hapana," mama akasema, kwa upole ule ambao mimi peke yangu najua maana yake. "Usiseme. Umeshasema sana. Wewe utafuturu na mimi hapa, basi."

Zikabaki dakika za kusubiri ambazo kwenye funga huwa ndefu. Mikeka ikatandikwa. Mama akakata mkate wa kumimina, akafungua kopo la jamu ya mabibo, akaipaka nene kwenye vipande, nyekundu na njano, imesimama yenyewe bila kumwagika. Akavipanga kwenye sahani moja. Akamkalisha shangazi mbele, mahali ambapo wote wanaona, na pale mbele yake hakuweka tende wala maji. Waliokuwa na tende karibu walizisogeza kwao. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilitaka afukuzwe. Aliyefukuzwa angekwenda kwake akafunga mlango, akajiambia ameonewa, na angekuwa ameonewa kweli. Mama hakutaka awe na hata hilo la kujiliwaza. Alimtaka akae, tumbo tupu, jina safi alilorudishiwa na mtu yuleyule aliyechafuliwa naye, na afungue kinywa.

Adhana ikalia. Watu wakasema bismillahi. Hakuna aliyenyanyua kitu. Wanawake wote wa mtaa, na saumu ya kutwa nzima kooni, walikaa wakimsubiri yeye.

Shangazi alinyoosha mkono. Akachukua kipande, akakitazama, akatia mdomoni. Alitafuna polepole. Niliona kidevu chake kinapanda na kushuka, nikaona koo likimeza.

"Kimefika?" yule mwanamke wa nazi akamuuliza, na wengine wakaangua kicheko, kisha mikono yote ikaingia kwenye sahani za mama kwa mara moja. Mwalimu wa madrasa akalamba kidole. Mmoja akamwambia mama amtilie kidogo kwenye kopo apeleke nyumbani. Mama akamjibu umaskini wa kukosa hata kopo kaupata wapi, alete lake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la jamu. Kugawa ndiyo kazi yangu siku zote kwenye shughuli, kwa sababu anayegawa haulizwi maswali. Nilipita kwa wote. Nilipofika kwa shangazi aliinua kiganja kuonyesha ametosheka, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Inatosha, mwanangu."

Nilimsikia vizuri kabisa.

"Nikuongeze, shangazi?" nikasema, kwa sauti ambayo uani wote uliisikia, na nikamjazia kijiko kizima.